Jiko la Mama, Mtungi wa Wifi

Jinja, 14 Januari 2024

Wifi Nangila,

Nakusalimu wewe na kila aliye hapo nyumbani. Sisi hatujambo. Shallon anajiandaa kurudi shule, na Norman anarefuka mpaka suruali za mwaka jana zimekuwa kaptula. Kaka yako analinda gereza kwa zamu za usiku mwezi huu, ndiyo maana naandika mimi. Ningepiga simu kama watu wengine, lakini namba yangu umeizuia tangu tulipogombana Krismasi, kwa hiyo barua anakuletea Shafik wa teksi. Ukiichana nitaandika nyingine.

Jambo langu ni moja. Krismasi niliingia jikoni kwa Mama kugeuza maharage tu, nikatoka macho yamevimba kama nimepigwa. Mama anakaa mle tangu alfajiri. Kile kikohozi chake wewe umekizoea. Mimi sijakizoea, na sitaki kukizoea. Nilimweleza daktari mmoja, mteja wangu, akasema mapafu ya kina mama wa namna hiyo huwa kama ya mtu aliyevuta sigara tangu ujana. Sasa Baba Shallon amesema basi. Wiki hii tunatuma mtungi wa gesi na jiko lake la kuweka sufuria mbili. Na lile jiko la kuni livunjwe, kwa sababu likiendelea kusimama Mama ataendelea kuingia. Ni Baba Shallon anayesema, si mimi.

Na magunia yako ya makaa uyaondoe barazani. Mama hakuajiriwa kulinda biashara yako ya soko la Namatala.

Msalimie sana Mama.

Wifi yako, utake usitake,
Margret


Mbale, 4 Februari 2024

Wifi,

Nakuita hivyo kwa sababu Mama amekaa hapa ananitazama nikiandika. Hatujambo. Jua limechoma hata migomba, mlima Wanale wote umegeuka rangi ya kahawia, mbuzi wetu amezaa mapacha na mmoja amekufa. Norman apewe salamu zake.

Mtungi umefika. Shafik aliushusha kwa makelele mpaka jirani yetu Zaituni akatoka na povu la sabuni mikononi kuja kutazama. Mama ameuosha, ameuvalisha kitambaa cha kufuma, ameusimamisha sebuleni kando ya redio. Wageni wote wanaonyeshwa. Aliutumia kupika chai mara moja. Alisema chai imeiva kabla hajamaliza kuwaza alichokuwa anawaza, akarudi kwenye kuni zake.

Jiko halivunjwi. Umeolewa kwetu miaka mingi, umekula malewa ya karanga mpaka ukalamba vidole, hujawahi kuuliza yanakaushwa wapi? Yale machipukizi ya mwanzi yanashuka mlimani mabichi, na yasipopata moshi yanaoza. Juu ya mafiga ya Mama kuna ule uchaga wa miti, umeuona kwa macho yako. Malewa yako pale, pamoja na mahindi na maharage ya mbegu ya kupanda mvua zikianza. Na malewa ya safari hii Mama amesema hayaliwi wala hayauzwi, ni ya tohara ya Norman mwezi wa nane. Norman ni mwanao, sikumzaa mimi.

Halafu nikuulize, gesi ikiisha nani atapanda na lile dude kwenye bodaboda kwenda kulijaza mjini? Aa, nilisahau, mwenye duka la gesi ni wewe. Daktari mteja wako, na sasa Mama naye mteja wako. Hongera.

Na kaka yangu ana mikono. Aandike mwenyewe. Nikimpigia anasema yuko zamu, atanipigia, kisha kimya.

Nangila


Mbale, 25 Februari 2024

Margret,

Salamu leo ni za watoto peke yao.

Alhamisi nilikwenda Namatala na makaa yangu kama kawaida. Jioni naingia uani naona mbingu mahali palipokuwa na jiko. Nyasi za paa zimerundikwa, udongo wa ukuta umesambazwa mpaka mlangoni, mafiga matatu yamebingirishwa kwenye ua wa miba kama takataka. Vibarua wawili walikuwa wananawa miguu. Nikawauliza ni nani aliyewatuma, wakasema mke wa afande, na kwamba afande mwenyewe ameruhusu. Wewe ulikwisha panda teksi. Umetoka Jinja mpaka hapa na gambuti zako, umevunja, umeondoka, na hukuweza kunisubiri unitazame usoni.

Mama nimemkuta barazani amepakata chungu. Hakulia. Aliosha sufuria ambazo zilikuwa safi, akazifunika, akazifunua, akaziosha tena.

Nimeishi kambini nikiwa mtoto wa askari jela, nimeona watu wakifanyiwa mambo. Lakini hata mfungwa huambiwa kabla ya kuhamishwa. Hii nimeiweka moyoni, wifi, na sitaitoa.

Nangila


Jinja, 17 Machi 2024

Wifi Nangila,

Nimesoma barua yako mara mbili, nikangoja hasira zipoe ndipo nikajibu. Hazijapoa. Hata hivyo nakusalimu, maana mimi nililelewa kusalimu. Hapa tuna afya. Norman ameanza kuulizia habari za tohara, anataka kujifunza kucheza na njuga, baba yake anamcheka.

Sikuja kama mwizi. Nilifika mchana kweupe, nikamweleza Mama, akasema, fanyeni mnavyoona. Hakukataa. Mbegu na malewa niliyashusha kwa mikono yangu miwili, vibarua sikuwaruhusu kugusa. Nikafuta masizi, nikatia kwenye magunia mapya ya nailoni, nikafunga kwa kamba imara, nikapanga chini ya kitanda cha Mama kwenye saruji safi. Hakuna punje iliyopotea. Muulize.

Na kabla hujanifundisha kutunza mali ya nyumbani, niambie ile mikaratusi ya marehemu baba mkwe iliyokuwa nyuma ya choo imekwenda wapi. Krismasi nilihesabu visiki. Imeingia kwenye magunia yako, si ndiyo? Wewe unakata miti ya mzee unaichoma, mimi naondoa moshi kwenye kifua cha Mama, halafu mbaya ni mimi.

Kikohozi chake kimepungua, Shafik ameniambia. Hilo hukuliandika.

Margret


Mbale, 31 Machi 2024

Wifi,

Mvua imekuja, Mungu ashukuriwe. Zaituni amepanda, majirani wote wa juu wamepanda. Mbuzi aliyebaki anaruka vizuri.

Sisi tulifungua magunia yako Jumatatu. Fukusi walikuwa wametangulia. Ukiingiza mkono kwenye mahindi unatoka na unga, na wale wadudu wanakutembea mpaka kwenye kiwiko. Malewa yameota ukungu mweupe, mwingi, kama manyoya ya paka. Moshi ndio uliokuwa unavitunza vyote, nilikuandikia hilo, ulisoma ukitafuta matusi tu. Najua hukuharibu kwa ubaya. Uliharibu kwa usafi.

Mama alikaa chini akachambua punje moja moja na hazikutosha mstari wa kuzunguka nyumba. Huyu ndiye mtu ambaye watu walikuwa wanakuja kwake na vibakuli kuomba mbegu. Jumatano alichukua beseni akaenda kwa Zaituni. Alijifunga leso mpya kwanza, kama anakwenda kanisani. Mimi nilibaki ndani kwa sababu nisingeweza kumtazama akivuka ua na lile beseni. Malewa alinituma nikayafukie mbali, asiyaone.

Kikohozi kimepungua, kweli. Haya, nimeliandika, furahi.

Gesi yako imekwisha, na Mama alinikataza kuwaambia, asionekane mlafi. Mvua inapiga barazani na paa la kupikia halipo. Kwa hiyo nimemletea sigiri, jiko dogo la bati, na gunia la makaa. Ndiyo, makaa yangu. Ulitaka apikie nini, magazeti?

Nangila


Jinja, 28 Aprili 2024

Nangila,

Mama yuko hai. Anakunywa uji, anajua majina yetu, jana alimuuliza Shallon kama amesuka nywele mwenyewe. Nimeanza na hilo kwa sababu nadhani hujalala vizuri tangu kaka yako Bramwel alipomchukua hospitali ya huko akamleta hapa. Nisingependa ulale vizuri, lakini hilo unastahili kujua.

Sasa nisikilize. Zaituni amenieleza yote kwa simu. Wewe uliondoka alfajiri kwenda kuuza, ukidhani Mama amelala. Zaituni ndiye aliyekuja kurudisha beseni alilokuwa ameliazima, akaita, akasukuma mlango, akamkuta amelegea kitandani, na sigiri yako iko kando ya kitanda bado ina joto. Madirisha yamefungwa. Mlango umezibwa kwa gunia chini ili upepo usiingie. Daktari hapa amesema makaa hayana moshi wa kukutoa machozi, ndiyo maana watu wanayaamini, na yanakuua usingizini bila kubisha hodi. Mama amekaa na kuni tangu alipoolewa, akakohoa, akaishi. Makaa yako yalitaka kummaliza usiku mmoja.

Uliniita niliyemvunjia jiko. Wewe nikuite nani?

Mama harudi huko. Atakaa hapa kwangu, penye gesi, penye umeme, penye watu wenye akili. Baba Shallon amesema hivyo na safari hii hakuna mjadala. Nguo zake umpe Shafik.

Margret


Mbale, 19 Mei 2024

Margret,

Nguo anakuja nazo Shafik. Leso ya kijani ni ile ya kanisani, usiifue na nyingine, inatoa rangi. Msalimie Mama, mwambie mahindi ya mbegu ya Zaituni yameota na nimeyapalilia.

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Kuhusu makaa, sikatai. Kila nikipima gunia Namatala namwona Mama, sasa umeridhika? Lakini usinifanye mimi peke yangu niwe mwenye dhambi. Mama hakujua. Jiko lake la nyasi lilikuwa linapumua kila upande. Aliona baridi, akavuta sigiri ndani na kulala kando ya moto kama alivyozoea, tena kwenye nyumba ya saruji ya kaka yangu ambayo haipumui. Asingelala nayo kama jiko lake lingekuwepo. Hilo unalijua, ndiyo maana ulipiga kelele sana kwenye barua.

Na kuna jingine. Kaka yangu alipokuja kumchukua Mama, alisimama pale palipokuwa na jiko, amevaa sare zake, akachokonoa majivu kwa kiatu. Akaniuliza polepole, “Kwani dada, kwa nini ulitaka livunjwe?”

Mimi. Eti mimi nilitaka.

Nikamuuliza nani kamwambia. Akatazama gari. Nilikaa na ndugu yangu kwenye chumba kimoja kambini tangu anatambaa, namjua akikwepa macho. Kwangu ulisema Baba Shallon ameamuru. Kwake ukasema Nangila ameomba. Kumbe yule afande wa watu hakuamuru chochote. Tulichukiana miezi hii yote kwa amri yako, mimi na yeye, mpaka nikaacha kupokea simu zake na yeye akaacha kupiga.

Andika kitu kuhusu hilo. Ukishindwa, rudisha karatasi tupu, nitaelewa.

Nangila


Jinja, 16 Juni 2024

Wifi Nangila,

Salamu kutoka kwa wote hapa. Norman anacheza njuga uani mpaka wapangaji wanalalamika. Mama yako anaendelea, ila amekonda. Chakula changu anakisukuma pembeni. Posho iliyosongwa kwa gesi haina harufu, anasema. Maharage yameiva lakini hayajachoka, anasema, mimi sijui maharage yanachokaje.

Nitakuandikia yaliyotokea Jumanne na usicheke. Nyuma ya duka langu ndipo mitungi inaposimama, iliyojaa upande mmoja na mitupu upande mwingine. Ukuta una maandishi mekundu ya kukataza moto, Mama hajui kusoma Kiingereza. Nilikuwa kaunta. Okoth, yule dereva Mkenya anayeniletea mitungi, alikuwa anashusha. Nikamsikia anaita jina la Yesu. Nikakimbia nyuma. Mama ameokota mawe matatu kwenye nyumba inayojengwa jirani, ameyapanga vizuri kwenye kona isiyo na upepo, hatua chache kutoka kwenye mitungi iliyojaa. Amevunja kasha la mbao la sabuni. Moto unawaka, kasufuria kake kako juu, na yeye amekaa kwenye kigoda cha Shallon, ametulia kabisa. Okoth alimwaga jerikeni zima la maji ya kunywa juu ya moto, sufuria na miguu ya Mama.

Wapangaji walikwisha fika barabarani. Na mimi nilimfokea. Nilimfokea mama mkwe wangu mbele ya dereva, kwa maneno ambayo kwetu Busia mke wa mtu akiyasema anarudishwa kwao. Nilimuuliza kama anataka kutuua sote. Nilimuuliza ana nini na moshi.

Alinyanyuka, akakamua sketi, akajibu bila kupandisha sauti. Nayaandika kama alivyosema, sikuongeza kitu.

“Nyumba ya Mbale ni ya Bramwel. Hapa ni kwako. Lile jiko lilikuwa langu. Hata mume wangu, na uaskari wake wote, alikuwa anabisha hodi. Wewe unasema moshi ni mbaya, Nangila anasema moshi ni mzuri. Mimi hamkuniuliza hata mmoja. Moshi wenyewe siupendi, unaniumiza. Nilikuwa nakaa mle kwa sababu ndipo pekee ambapo mtu haniambii nyanyuka.”

Halafu aliingia kubadilisha nguo. Mimi nilibaki nimeshika jerikeni tupu, na Okoth anajifanya anahesabu mitungi.

Kuhusu kaka yako, ulichoandika ni kweli. Nimemwambia mwenyewe. Hanisemeshi tangu juzi.

Sikuandikii hili ili unionee huruma, sina haja ya huruma yako. Sema tu kama nimlete, na wapi atapikia.

Margret


Mbale, 30 Juni 2024

Wifi,

Hatujambo. Mahindi yameanza kubeba sasa. Kaka yangu alinipigia Ijumaa tukaongea mpaka salio likaisha. Umemwambia, vizuri. Usitegemee nikupigie makofi.

Usidhani tumepatana. Namba yako bado nimeizuia. Ulilomfanyia Mama sijalisahau, na la sigiri wewe hutalisahau, kwa hiyo tuko sawa na tuendelee hivyo hivyo.

Barua yako niliisomea pale pale kwenye majivu. Yale maneno ya Mama nimeyasoma mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu chochote tangu shule. Nimekaa naye miaka yote hii, namtetea, napigania jiko lake, nalala nimejisifu. Sikumuuliza hata siku moja, Mama, unataka nini.

Kwa hiyo nimejenga. Nguzo ni magogo ya mwisho ya ile mikaratusi, niliyokuwa nimeyaweka kwa makaa. Yamepona. Kuta zimefika begani na juu nimeacha uwazi kuzunguka pande zote, halafu paa limeinuliwa, moshi utoke wenyewe. Madirisha mawili. Uchaga wa mbegu uko juu ya mafiga, mahali pake, na mafiga ni yale yale, nimeyatoa kwenye miba nikayaosha. Upande wa pili kuna meza ya jiko lako la gesi. Mtungi utasimama nje ya ukuta, mpira umepita kwenye tundu, fundi wa mjini ndiye aliyefunga na nimejaza mwenyewe. Akitaka gesi, akitaka kuni, akitaka siku moja hiki na siku moja kile, ni shauri lake. Makaa peke yake hayakanyagi mle, na magunia yangu nimeyahamishia kwenye kibanda cha kupanga Namatala.

Mlete Jumamosi. Malewa ya Norman tutanunua ya watu safari hii, aibu tutaimeza pamoja.

Mlango nimeuwekea kufuli. Fundi alitengeneza funguo mbili kama ilivyo desturi, nikamwambia mmoja aukate vipande mbele yangu. Uliobaki umo ndani ya bahasha hii, nimeufunga kwenye kitambaa. Usiujaribu, usiuweke kwenye mkoba wako. Mpe Mama mkononi. Mkifika, wewe na mimi tutasimama nje na mizigo yetu tubishe hodi, na akitaka atatufungulia.

Nangila